Chupa Niliyoifungua Kwa Mgiriki

Ndani ya mkoba wangu opena ya chupa haikosi. Wasichana wanaonisaidia kwenye mgahawa wangu hapa Muyinga hunicheka kwa hilo, mama mzima mwenye wajukuu anatembea na opena kama mlevi. Tena huniona mkorofi, kwa sababu msichana akipeleka soda mezani ikiwa imeshafunguliwa, hata kama mteja ni dereva wa lori anayetoka mpakani Kobero na haraka zake zote, naichukua, naiweka pembeni, naleta nyingine na kuifungua mwenyewe mbele ya macho yake. Wanadhani ni visa vya uzee. Sijawahi kuwaeleza, maana kueleza kungenilazimu kuanza na maneno niliyotakiwa kumwambia mtu mmoja zaidi ya miaka thelathini iliyopita, nikayameza, yakakaa tumboni hadi mwaka huu. Kilichoyatoa ni simu ya Hawa, binti wa Sadiki mpiga gitaa, aliyenipigia kutoka Gitega nikiwa nachambua maharage.

"Mama Yudita, Baba alishatuacha," alisema. "Tulimuzika. Arubaini iko dimanshi inayokuja. Na alituachia neno: kama Melki bado iko muzima, mumuambie. Sisi hatumujue huyo Melki. Baba alisema we unamujua."

Nilimjua. Alikuwa akiishi Giteranyi, mwendo wa pikipiki wa saa moja na kitu kutoka mlangoni kwangu. Nilimwambia Hawa nitamleta Jumapili hiyo. Nilipokata simu nikakumbuka kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili maishani mwangu natumwa kumleta mtu huyo huyo, kutoka kijiji hicho hicho, kwenda Gitega, kwa ajili ya Sadiki yule yule. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini, na kiburi cha kutosha watu watatu.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi karibuni kwetu Giteranyi kutoka upande wa Tanzania, nilikokulia, nikakuta sina subira na jembe, na mama mmoja wa kanisani akanitafutia kazi Gitega kwa Madamu Leokadia, mjane aliyekuwa anaendesha ukumbi wa muziki katikati ya mji, chini kidogo ya soko la zamani. Ukumbi ulikuwa na jina lake ubaoni, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walisema tu "Kwa Mgiriki", ingawa Mgiriki mwenyewe alikuwa ameondoka kabla mimi sijazaliwa. Alilijenga jengo lile kuwa ghala la kahawa, kuta zake nene kiasi kwamba ungeweza kukaa dirishani na miguu yako isitokeze nje, na mvua ikinyesha sakafu ilitoa harufu ya maganda ya kahawa kama vile magunia yamehamishwa jana. Alipoondoka aliacha gramafoni na sanduku la santuri za watu weusi wa Amerika, wanaume wenye sauti za kukwaruza na gitaa linaloomboleza nyuma yao. Sadiki, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, alizisikiliza santuri zile hadi zikachakaa, na kwa masikio tu akajifunza kulifanya gitaa liombolezee Gitega. Kiingereza hakujua hata neno. "Lakini huyu mwanaume, mi najua shida yake," aliniambia siku moja akipiga kipande. "Mwanamuke ameenda na treni. Sikiliza, hata treni iko ndani." Nilimuuliza kama amewahi kuona treni. Alisema hapana, wala haimzuii.

Muziki huo sisi tuliuita bluzi, na bluzi ilikuwa na saa yake. Kila Jumapili kulikuwa na matine, dansi la mchana, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Mwanzoni bendi ilipiga za kurukaruka, vijana wakatoa jasho lao, halafu ikifika saa kumi kamili Sadiki alivua koti, akalitundika kwenye msumari ule ule, akavuta kiti mbele. Hapo hata wavulana waliosimama nje waliacha kelele. Walimu, wauguzi, mafundi na wake zao, watu waliokuwa hawasemeshani nyumbani wiki nzima, walisimama wakashikana viuno na kuzunguka taratibu pasipo kutazamana. Niliyaona yote hayo kupitia tundu la kupitishia sahani, maana mimi nilikuwa wa jikoni. Lilikuwa tundu la ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Upande wangu kulikuwa na mishikaki ya mbuzi, ndizi za kukaanga, sufuria la maharage na mboga ya lengalenga, na moshi. Upande wa pili kulikuwa na dunia. Jumamosi, wakati wa mazoezi, wanamuziki walikaa chini ya tundu lile wakisubiri chakula na kuzungumza kana kwamba jikoni hakuna mtu. Nilijua nani anamdanganya mkewe, nani anataka kuhamia Bujumbura, na kwamba mpiga ngoma aliogopa paka.

Usiku nililala mtaa wa Yoba, nyumbani kwa Madamu, chumba chenye kitanda kimoja, ndoo, na picha ya Bikira Maria ambayo mtu alikuwa amemrudishia rangi ya midomo. Asubuhi tulipanda mjini pamoja, yeye mbele na funguo, mimi nyuma na kikapu. Hakuna aliyeniita Yudita. Niliitwa Tanzania. Tanzania, leta chumvi. Tanzania, mbona unaongea kama redio. Kila nilichofanya tofauti kilipata maelezo katika jina hilo moja: ugali wangu mgumu kupita kiasi, chai yangu ina sukari mno, kanga yangu nimeifunga vibaya. Walitania tu, leo nalijua hilo, na Madamu alinipenda. Lakini ukiwa na miaka ishirini na umerudi katika nchi ambayo maisha yako yote uliambiwa ni yako, kuitwa kwa jina la kule ulikotoka kunauma. Naeleza hili kwa sababu ya nilichokuja kufanya baadaye. Si kisingizio, ila ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili ya kwanza niliona jambo ambalo sikulielewa. Katikati ya bluzi, Sadiki aliinua mkono, bendi ikanyamaza, na mtu mmoja akaja akaweka kipaza sauti mbele kabisa ya jukwaa, akakirekebisha kimo, akaondoka. Hakuna aliyekisogelea. Sadiki alianza kupiga wimbo wa polepole kuliko zote, na watu wakaacha kucheza. Ilipofika sehemu ambapo sauti ingeingia, ukumbi mzima ukaguna kwa midomo iliyofungwa, wanaume kwa sauti ya chini, wanawake ya juu, bila neno hata moja. Kipaza sauti kikasimama peke yake hadi mwisho. Nilipata kinyongo cha mtu asiyeambiwa kitu, nikamuuliza Madamu usiku ule tukila maharage.

"Ni ya Melki, ile," akasema. "Melki wa Giteranyi. Njo alikuwa sauti yetu."

Alinieleza huku akichovya ndizi kwenye mchuzi. Sadiki na Melki walianza pamoja, mmoja gitaa, mmoja sauti, mmoja Mwislamu wa mjini asiyegusa pombe, mwingine Mkristo wa shambani anayeipenda. Walikuwa na desturi yao inayojulikana na kila mtu: kabla ya bluzi Sadiki huleta chupa moja ya soda ya machungwa, huing'oa kizibo kwa meno mbele ya Melki, hunywa funda la kwanza, kisha humpa Melki amalizie, halafu wanapanda jukwaani. Mama yake Melki alipofariki, Melki alimtungia wimbo. Akamfundisha Sadiki gitaa lake, lakini akasema usipigwe popote hadi matanga ya mama yaondolewe, jambo ambalo kwa Warundi husubiri mwaka. Mwaka haujafika, redio ikaita bendi Bujumbura kurekodi. Melki alikuwa kwao, mgonjwa. Sadiki akaogopa nafasi itapotea, akaenda, akaurekodi wimbo ule kwa sauti ya mtu mwingine. Melki aliusikia redioni, nyumbani kwa marehemu, watu wakiwa bado wamekaa. Alikuja Gitega mara moja tu, akasimama mlangoni pa ukumbi, akamwambia Sadiki, "Umeondoa matanga ya mama yangu kabla yangu." Akarudi kutengeneza baiskeli. Tangu hapo Sadiki hakumruhusu mtu yeyote kuuimba.

Mimi, bila kufikiri, nikasema namjua. Fundi baiskeli Melki? Kibanda chake kiko nyuma ya shamba letu. Madamu aliacha kutafuna.

Ndivyo nilivyotumwa. Ijumaa moja nikapanda gari la maharage hadi Muyinga, kesho yake asubuhi nikawa Giteranyi, mbele ya mwanaume mwembamba aliyekuwa anazungusha gurudumu na kugonga spoku moja moja kwa ukucha, akisikiliza. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Nilimpa salamu za Sadiki kama nilivyokaririshwa: kwamba anaomba msamaha, kwamba ataomba mbele ya watu wote, kwamba matanga yataondolewa upya pale pale ukumbini kwa sauti yenyewe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikasema la kwangu mwenyewe. Nilimwambia, "Kaka Melki, kile kipaza sauti kinatia huruma. Njoo, mimi nakuhakikishia, utapokelewa kwa moyo mweupe." Aliliachia gurudumu likazunguka lenyewe. "We mtoto," akasema, "unanihakikishia we?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuoga.

Jumapili hiyo Kwa Mgiriki palijaa hadi watu wakakaa madirishani. Habari ilikuwa imeenea tangu misa ya kwanza. Melki alikaa meza ya karibu na nguzo, amevaa shati jeupe lenye alama za kukunjwa, mikono juu ya magoti. Sadiki alikuwa jukwaani anahangaika na waya wa gitaa uliokatika. Ilipokaribia saa kumi alikuja mara moja, akainama kwenye tundu, akanong'ona, "Tanzania, mupelekee Melki ile soda ya machungwa. Mi niko nakuja." Msichana wa mezani alikuwa amezama kwenye umati. Nikaichukua mwenyewe.

Sasa, kule nilikokulia, nyumbani mwa mama aliyenilea, mgeni wa heshima hakuletewa chupa yenye kizibo kana kwamba ni dukani. Ulimfungulia jikoni, ukafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, ukaifunika kwa glasi, ukaiweka kwenye sinia na kupiga goti. Nilijua kwamba kwetu Giteranyi pombe ya ndizi huonjwa kwanza na anayeitoa. Lakini nililiona hilo kuwa jambo la mtungi na la wazee, nikaona soda ya kiwandani haina haja nalo. Basi niliifungua. Nilifuta mdomo wa chupa mara mbili. Kazi safi kuliko hiyo sikuifanya mwaka mzima. Nilipita katikati ya watu wote na sinia yangu, kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa pili wa tundu, nikapiga goti, nikaiweka mbele ya Melki.

Aliitazama chupa. Akaigeuza kidogo kwa kidole, kama anayetafuta kitu. "Ni nani ameifungua?" aliuliza kwa upole.

Sikujibu alichouliza. Nilikuwa nimejaa furaha, nikajibu nilichotaka kusema. "Ni Sadiki ndiye ameituma," nikasema.

Waliokaa meza za karibu waligeuka kuitazama chupa. Melki aliitikia kwa kichwa, akainuka, akanyoosha shati lake. "Naenda kuangalia baiskeli yangu," akasema. Alikuwa amekuja na mimi kwenye gari la maharage. Baiskeli yake ilikuwa Giteranyi, na kila mtu aliyeketi pale alilijua hilo. Alipita mlangoni bila haraka, na hakurudi.

Sadiki alishuka jukwaani anatabasamu, mdomo tayari kwa kizibo. Akakuta kiti kitupu na chupa iliyojaa, wazi. Sijapata kuona uso wa mtu ukijifunga vile. Mtu mzima hahitaji kuelezwa maana ya chupa iliyofunguliwa pembeni, iliyotumwa na adui, isiyoonjwa, aliyoikimbia mgeni. Ukumbi mzima ulikuwa umemwona Melki akiamini kwamba Sadiki ametaka kumtilia sumu. Sadiki akaishika ile chupa, akainywa yote, amesimama, funda kwa funda, mbele ya watu mia wasiopumua. Akaiweka chini tupu. Kisha akasubiri, mikono pembeni, ili wote waone kwamba hajaanguka. Lakini mtu aliyepaswa kuona alikuwa ameshafika stendi.

Madamu alikuja jikoni uso umebadilika. "Nani alifungua ile chupa?" Nilikuwa naosha vikombe. Nikajiona ninavyosukumwa mlangoni, nikasikia tayari watakavyosema, si unaona, ni yule Tanzania, hajui hata kumpa mtu maji. Nikasema, "Sijui, Madamu. Niliikuta iko wazi." Msichana wa mezani naye akasema hajui, yeye kwa haki. Jambo likaishia hapo, maana yake likamwangukia Sadiki. Wiki zilizofuata niliwaona watu waliocheza bluzi yake miaka kumi wakishika chupa zao mkononi alipokuwa anapita. Saa kumi alivua koti kama kawaida. Kipaza sauti hakikuwekwa tena.

Nilikaa miezi minne mingine. Siku niliyokuwa naondoka, Sadiki alikuja jikoni, akakaa juu ya kreti, akaomba maharage. Alikula yote ndipo akasema. "Mi nilikuona, Tanzania. Jukwaa iko juu. Nilikuona ukipita na sinia. Nilipokuta chupa iko wazi, nikajua ni we." Kijiko kilinianguka. Alinizuia kwa mkono nilipotaka kulia. "Nikisema ni we, Melki atasema najificha nyuma ya mutoto. Na Madamu atakufukuza bure. Apana. Lakini unakwenda Giteranyi. Siku moja, we mwenyewe, umuambie. Ni hiyo tu." Nikaapa. Aliitikia, akanirudishia sahani, akasema maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha, na kwamba hilo ni badiliko.

Miezi michache baadaye mambo yaliharibika nchi nzima kwa vita, na hapo nilipata kisingizio cha kwanza. Melki alivuka mpaka, nami nilivuka kwa njia nyingine. Tuliporudi nilipata cha pili, kwamba watu wamefiwa na watoto, nani anataka habari za soda. Baada ya hapo sikuwa na kisingizio, nilikuwa na mazoea tu. Nilimwona sokoni. Mara moja alinitengenezea gurudumu. Nilisimama kando yake tangu asubuhi hadi jua la utosi, sentensi ikiwa mdomoni, nikamlipa, nikaondoka. Kila mwaka uliopita uliifanya kuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na miaka yenyewe. Nina aibu kuyaandika haya. Nilimwacha mtu mwema abebe jina baya kwa sababu sikutaka kuitwa jina la nchi iliyonilea vizuri.

Basi mwaka huu nikapanda pikipiki kwenda Giteranyi. Melki ana mvi kila mahali na magoti hayamtii, lakini gurudumu lilikuwa mbele yake, na ukucha ule ule ukigonga spoku. Nilimwambia Sadiki amefariki. Aliuliza kwa ugonjwa gani, nikasema kisukari. "Mi nilijua mi njo nitatangulia," akasema. "Alijaribu kunitanguliza." Akacheka kidogo, kama mtu anayetaja jambo ambalo limeshazeeka. Niliwatazama kuku. Nilidhani atakataa kuja, lakini akasema, "Kwa kaburi, sijui. Ila ule ukumbi nataka kuuona mara moja." Mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani, tulisubiri gari siku mbili Muyinga, akila mgahawani kwangu asubuhi na jioni, na jioni na asubuhi sikusema. Tulipitia Karuzi yeye amelala, kofia usoni.

Kwa Hawa palisomwa dua, tukala pilau chini ya turubai. Melki alikaa mwisho wa mkeka, viatu mkononi, kama mgeni asiyetaka kuchelewesha watu akiondoka. Hawa alikuja kumsalimu kwa mikono miwili. "Kila dimanshi saa kumi Baba alichukua gitaa," alimwambia. "Alipiga wimbo moja tu. Tukimuambia, Baba, imba basi, anasema apana, sauti iko Giteranyi." Melki alimshukuru kwa pilau. Nilimwona akiulizia njia ya chooni, akapita mlango wa nje, nikajua anakokwenda. Nilisimama kwenye kibanda cha jirani, nikanunua soda moja ya machungwa, yenye kizibo, nikamfuata mjini.

Kwa Mgiriki sasa ni duka la magodoro. Ubao wa jina umeondolewa, na nje kuna alama ya rangi nyekundu inayosema jengo litabomolewa, maana Gitega inajenga maghorofa. Mwanamke mwenye duka alituruhusu kuingia alipoona mvi zetu. Magodoro yamepangwa hadi darini pande zote, kiasi kwamba sauti hairudi. Unazungumza na neno linakufa pale pale. Lakini nguzo ipo. Msumari wa koti upo. Tundu la jikoni limezibwa kwa matofali, ila unaliona kwa rangi. Melki alisimama kando ya nguzo, na mimi nikatoa opena.

Nilimwambia kila kitu. Jikoni, kitambaa safi, glasi, alichouliza na nilichojibu, na niliyoyaapa. Nilisema, "Sadiki hakuigusa chupa ile, Mzee Melki. Ni mimi niliyeifungua, na nimekaa kimya tangu siku hiyo." Sauti yangu ilimezwa na magodoro, ikabidi nirudie.

Alikaa juu ya godoro la chini. Alikaa muda ambao mwenye duka aliuza foronya mbili.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kuitwa Tanzania."

"Kwa hiyo tu?"

"Kwa hiyo tu."

Aliangalia msumari. "Na ile soda, ilienda wapi?"

"Sadiki aliinywa. Yote, amesimama, mbele ya watu wote. Kisha akangoja waone kama ataanguka."

"Hiyo hakuna aliyeniambia," akasema Melki. Akairudia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, si kwangu. Macho yake yalilowa, na hakuyapangusa. "Watu walikuja kuniambia habari zake, nikawafukuza. Miaka yote hiyo nilikuwa nawafukuza."

Sikuwa na la kumpa isipokuwa lile nililopaswa kumpa siku ile. Nilikaa mbele yake, nikaifungua chupa aone kizibo kikitoka, nikanywa funda la kwanza, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili. Nilifikiri ataiweka chini, na angekuwa na haki. Alikunywa hadi mwisho, taratibu, funda kwa funda, akaiweka tupu miguuni.

Halafu akaanza kuguna. Sikuutambua mara moja, kwa sababu nilisubiri wimbo kama tulivyokuwa tunauguna sisi ukumbini, sehemu ya sauti. Haikuwa hiyo. Melki alikuwa akiguna gitaa. Kila kipande cha Sadiki, mtetemo kwa mtetemo, hata ile treni yake, huku kidole kikigonga goti. Alifika pale ambapo sauti huingia, akapita, akaacha nafasi tupu, akazunguka tena kutoka mwanzo. Mara ya pili alinipa ishara kwa kidevu, kama Sadiki alivyokuwa akiwapa wenzake.

Sina sauti. Mwenye duka ni shahidi, aliacha kukata nailoni akageuka. Lakini maneno nilikuwa nayo, niliyasikia Jumamosi moja yakitoka chini ya tundu, wanamuziki wakikumbushana, nami sikuwahi kuyafungulia mdomo.

"Mama, mlango wako nimeukuta wazi," nikaimba. "Mama, mlango wako nimeukuta wazi."

Mstari wa tatu nilichelewa kuuingia. Melki alizunguka nao mara moja, mara mbili, akinisubiri.

"Nani atanifungia, baridi inaingia ndani."

Alifumba macho, akaendelea kupiga.